Varikoseli, matone ya homeopathi na mke wa pili: jibu kwa mpishi wa Likoni

*"Assalaam aleikum daktari. Nina miaka 31, naishi Likoni, kazi yangu ni kupika biriani na pilau za harusi. Mwaka mzima sasa upande wa kushoto wa korodani unanivuta, hasa nikimaliza shughuli usiku. Nikilala unatulia. Nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa ni varikoseli ya daraja la pili. Nimeoa mwaka na nusu uliopita, mke wangu ana miaka 33, na bado hatujajaaliwa. Daktari alitaja upasuaji, nikaogopa. Jamaa akanipeleka kwa mtaalamu wa homeopathi, akanipa vidonge vidogo vya Pulsatilla na matone ya Hamamelis, nitumie miezi sita, elfu nne kila mwezi. Nimemaliza miwili na maumivu yamepungua kidogo. Mama ananiambia nioe mke wa pili. Je, nimalize dozi au niende kisuni?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako imesema mengi lakini kuna kitu kimoja hakimo: kipimo cha mbegu. Umepigwa picha, umepewa matone, umetafutiwa mke wa pili, na hakuna hata mmoja aliyekwambia shahawa zako zipelekwe maabara zikahesabiwe. Bila majibu ya kipimo hicho siwezi kukwambia ukatwe, na huyo mtaalamu wako pia hakuwa na msingi wa kukwambia usikatwe. Nitakirudia, maana ndicho kinachoamua.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hapa pwani neno "mshipa" limebebeshwa kila kinachovimba chini ya kitovu. Mzee mwenye busha husema ana mshipa. Kijana mwenye ngiri, yaani utumbo ulioshuka kwenye kinena, naye husema ana mshipa. Na wewe, ambaye mishipa yako ndiyo iliyovimba kweli, utasoma tangazo ukutani la "dawa ya mshipa wa ngiri" ukadhani umetajwa. Haya ni maradhi matatu tofauti. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na katika pwani yetu, toka Kwale hadi Lamu, mengi yanatokana na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Ukizima taa ukaegemeza tochi ya simu nyuma ya busha, mfuko wote unang'aa wekundu, kwa sababu mwanga unapenya maji. Ngiri hutoka na kurudi, na ukikohoa inasukuma kidole. Varikoseli haing'ai kwa tochi. Ukisimama inajaa, ukilala inanywea.

Ndani yake mna nini? Kila korodani ina vena zinazorudisha damu juu, zimesukana kama wavu kuzunguka kamba inayoishikilia. Vena hizo zina vilango vidogo vinavyozuia damu isishuke tena. Vilango vikilegea, damu inashuka, inatuama, na vena zinapanuka. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanazo, na wengi hawajui mpaka wanaingia kaburini. Karibu zote huwa upande wa kushoto, na sababu yake ni ya mabomba tu: vena ya kulia inaingia kwa mshazari kwenye vena kuu ya tumbo, lakini ya kushoto ni ndefu zaidi, inapanda mpaka kwenye vena ya figo na kuingia kwa pembe mraba, na vena hiyo ya figo yenyewe hupita ikibanwa kati ya ateri mbili kubwa. Damu ya kushoto ina safari ngumu zaidi.

Kwa hiyo si punyeto iliyokuletea. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kila wiki nakutana na kijana aliyejilaumu miaka kumi kwa jambo hilo. Si kunyanyua sufuria pia, ingawa ukinyanyua tumbo linakaza, damu inasukumwa chini, na maumivu yanazidi. Wala si kitu ulichotupiwa.

Dalili zako ni zile za kitabuni. Maumivu si ya kuchoma kama kisu. Ni uzito, mvuto, kama mtu amening'iniza kitu pale. Asubuhi huna habari nalo. Saa sita mchana, umesimama tangu alfajiri, linaanza. Usiku, makaa yakiwa yamepaliwa juu ya mifuniko na wewe ukingoja biriani ijifukize, ndipo unatafuta ukuta wa kuegemea. Daktari akikupima vizuri hukusimamisha kwenye chumba kisicho na baridi, maana baridi huukunja mfuko ukawa mgumu kupima, kisha hukwambia ufumbe mdomo, uzibe pua, usukume kama uko chooni. Kwenye daraja la kwanza vena hupapaswa wakati wa kusukuma tu. Daraja la pili, ulilo nalo wewe, hupapaswa bila kusukuma. La tatu huonekana kwa macho. Vitabu vya udaktari huzifananisha vena hizo na minyoo mfukoni. Mimi huwaambia wagonjwa wangu ni kama tambi zilizopikwa, na wote huelewa.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa kuwa kuna mambo ambayo hayangoji matone wala miadi. Maumivu makali ya ghafla ya korodani, pengine pamoja na kutapika, huweza kuwa korodani imejisokota kwenye kamba yake. Hapo una kama saa 6 za kuiokoa, baada ya hapo uwezekano unashuka haraka. Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kupambazuke. Uvimbe mgumu kama kokoto kwenye korodani yenyewe, hata kama hauumi, unatakiwa uchunguzwe upesi. Na varikoseli ya upande wa kulia peke yake, au iliyozuka ghafla kwa mtu mzima, au isiyonywea akilala, inabidi tumbo na figo zipigwe picha, kwa sababu huenda kuna kivimbe huko juu kinachobana njia ya damu. Yako ya kushoto, inayonywea ukilala, haimo humo. Nakupa hofu ya wengine, wewe iache.

Sasa suala la mtoto. Mwenyezi Mungu ameziweka korodani nje ya tumbo kwa sababu mbegu hukua vizuri kwenye joto lililo chini ya la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Damu ya uvuguvugu ikituama pale, joto hupanda, na mbegu huweza kupungua, au kuchelewa kuogelea, au kuwa na maumbo yasiyo sawa. Nimesema huweza. Wako wanaume wengi wenye varikoseli na watoto watano. Lakini miongoni mwa wanaume wanaokuja kwetu kwa kukosa mtoto, varikoseli huonekana kwa takriban 35 hadi 40 kati ya 100, na huo ni wingi ambao hatuwezi kuufumbia macho. Nguvu za kitandani ni habari nyingine. Mtu anaweza kuwa simba chumbani na mbegu zake zikawa chache, na hataona tofauti yoyote kwa macho.

Ndiyo maana ushauri wa mama, kwa heshima zote, uwekwe pembeni kwanza. Kama tatizo ni la mbegu, litakufuata kwa mke wa pili na wa tatu. Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu huwa mwanamume ana sehemu yake. Lakini desturi yetu ni kwamba mawifi huanza kunong'ona juu ya mke, na mume anakuwa wa mwisho kupimwa, akipimwa.

Tuje kwenye chupa zako. Homeopathi ilianzishwa na daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1790 alikunywa gome la mti wa kwinini akiwa mzima, akahisi kama homa ya malaria imempanda, akaamua kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Hamamelis ni kichaka cha Marekani ya Kaskazini, na gome lake kweli hukaza ngozi ukipaka. Wenye homeopathi huitoa kwa vena zilizojaa na kuuma. Pulsatilla ni ua la Ulaya. Hupewa mtu kwa kuangalia na tabia yake pia: je, ni mpole, hulia upesi, hapendi chumba chenye joto? Nadhani ulikaa saa nzima ukiulizwa maswali ya namna hiyo, hata unavyolala na unachokiota. Naelewa kwa nini ulitoka pale ukiwa mwepesi moyoni. Sisi wa hospitali tunampa mtu dakika tano, tena tukiwa tunaandika, na hilo ni kosa letu.

Tatizo liko katika utengenezaji. Angalia kibandiko cha vidonge vyako, bila shaka kimeandikwa herufi C na namba, mara nyingi 30. C moja maana yake tone moja la dawa limetiwa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa. Kisha tone moja la mchanganyiko huo likatiwa kwenye 99 mengine. Hivyo mara 30. Simama pale Mama Ngina ukitazama bahari. Ukidondosha tone moja na ulikoroge katika Bahari ya Hindi yote, hadi India na Australia, umefika hatua ya 12 hivi. Bado hatua 18, na kila moja inapunguza mara mia. Kwenye kidonge chako hakuna hata chembe ya lile ua, kuna sukari. Matone ni tofauti kidogo: kama chupa imeandikwa Q, hiyo ni dawa mama, ina mmea wenyewe ndani na imelowekwa kwenye spiriti. Kiasi ni kidogo, hakitakulevya, lakini kama unajiepusha na kileo hata ndani ya dawa, una haki ya kujua, na ulitakiwa uambiwe kabla ya kulipa.

Utaniuliza: kama ni sukari, mbona maumivu yamepungua? Swali zuri, na sisemi unajidanganya. Maumivu ya varikoseli hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia tiba siku yalipopanda, kwa hiyo baadaye yatashuka hata akipewa maji ya dafu. Tena umesikilizwa, umetulizwa, na huenda uliambiwa upunguze kusimama. Au msimu wa harusi ulikuwa umepoa. Jiulize kwa uaminifu: katika miezi hiyo miwili ulipika shughuli ngapi?

Kilango kilicholegea kwenye vena ni hitilafu ya kimaumbile. Hakuna jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba homeopathi inakirudisha. Baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti za maradhi mengi, na mwaka 2015 likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao homeopathi imethibitika kuutibu. Uingereza, ambako zamani hospitali za serikali ziliitoa, huduma ya afya ya England ilishauri mwaka 2017 madaktari waache kuiandika. Kama ungekuwa na maumivu madogo tu na watoto watatu nyumbani, ningekwambia matone hayakudhuru, ila mfuko wako. Kwako kinachonisumbua ni miezi sita. Mke wako ana miaka 33, na uwezo wa mwanamke kushika mimba huanza kuteremka kwa kasi zaidi kuanzia kama miaka 35. Miezi minne iliyobaki ya dozi hairudi, na elfu nne mara nne ni fedha ya kumpima mbegu mtu zaidi ya mara moja.

Basi kapimwe. Jizuie na tendo siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili, mfukoni karibu na ngozi, si kwenye barafu. Wewe wa Likoni usijaribu kuitolea nyumbani: foleni ya feri itaziua kabla hujavuka. Tolea hukohuko maabara, bila sabuni, bila mafuta, bila mate. Kama kujitolea kwa mkono kunakutatiza kidini, mwambie daktari mapema. Ipo mipira maalumu isiyo na dawa ya kuua mbegu, inayovaliwa wakati wa tendo na mke, ila hapo mtahitaji kulala upande wa kisiwani karibu na maabara. Mpira wa kawaida wa dukani haufai.

Pima mara mbili, ukiacha wiki kadhaa kati. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali uliyougua mwezi uliopita, malaria au dengi, huweza kuzishusha leo na zikapanda zenyewe baadaye. (Hapo ndipo matone mengi yamejipatia sifa.) Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na kwa uchache 42 kati ya 100 ziwe zinatikisika. Ukiwa chini ya hapo si kwamba huzai, ila uwezekano umepungua. Wakati huohuo mke wako naye aangaliwe kama yai linapevuka na mirija iko wazi. Mwende wawili.

Majibu yakiwa mazuri, varikoseli haina lawama ya mtoto na upasuaji hauna haraka. Kwa maumivu, vaa chupi ya kubana inayonyanyua unapokuwa jikoni, usiku vaa kikoi chako pawe na hewa, kaa kitini kila upatapo nafasi, na dawa ya kutuliza maumivu siku za shughuli kubwa. Sogea mbali na makaa pia. Joto la jiko halikuumba varikoseli, ila halizisaidii mbegu. Sigara, acha. Na kama kuna mtu wa jim anayekuchoma sindano za testosteroni za "kuongeza uanaume", acha leo: sindano hizo huuambia ubongo uache kuamrisha korodani kutengeneza mbegu, na huweza kuzimaliza kabisa.

Majibu yakiwa mabaya, na varikoseli yako inapapaswa kwa mkono, hapo upasuaji una maana. Mwaka 1952 daktari Tulloch wa Edinburgh alieleza habari za mwanamume asiyekuwa na mbegu hata moja, aliyefungwa vena zake na baadaye mkewe akashika mimba, na tangu hapo madaktari wakaanza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Njia ninayoipendelea ni kukata sehemu ndogo kinenani, sentimita mbili au tatu, na kufunga vena moja moja chini ya hadubini, ateri na mrija wa mbegu vikiachwa salama. Uanaume haukatwi, nakuhakikishia. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Varikoseli kurudi tena, au maji kujaa kama busha, huweza kutokea, lakini kwa njia ya hadubini ni kwa wachache sana kuliko kwa njia za zamani. Mbegu huboreka kwa kama wanaume 6 au 7 kati ya 10, na hilo huonekana baada ya miezi 3 hadi 6, si wiki ijayo. Mimba inategemea na mke pia, kwa hiyo idadi yake iko chini ya hapo. Asikuahidi mtu.

Pa kuanzia ni kliniki ya upasuaji wa njia ya mkojo katika hospitali kuu ya Pwani, Coast General, au hospitali binafsi yenye daktari wa fani hiyo. Kabla ya kulala kitandani muulize mambo mawili: amewahi kufanya ngapi, na anatumia hadubini? Asikasirike, akikasirika, tafuta mwingine. Angalia pia kama SHA yako, yaani bima ya afya ya serikali, iko hai na italipa kiasi gani.

Na kwa mtaalamu wako wa homeopathi, usigombane naye. Mwambie unasimamisha mpaka kipimo kitoke. Kuacha vidonge vile ghafla hakuna madhara yoyote.

Ukipasuliwa, wiki mbili za kwanza hakuna kunyanyua sufuria, na zile kubwa za shughuli zisubiri hadi wiki ya nne. Tendo la ndoa baada ya wiki mbili hivi, kidonda kikiwa kimekauka. Kwa hiyo usipange tarehe katikati ya msimu. Kama umeshachukua arubuni ya harusi, pika hiyo kwanza, au mkabidhi msaidizi wako upawa na wewe ukae kwenye kiti ukimwelekeza chumvi.